Shughuli ni Watu: Vitabu vya Wanasiasa na Wafuasi Wao Nakawa

Mwanasiasa wa Kampala akitangaza kwamba ameandika kitabu, mtaani hawaulizi ameandika nini. Wanauliza mgeni rasmi ni nani, nakala ya kwanza itanunuliwa na nani na kwa shilingi ngapi, na kama yule mzee aliyekosana na mwandishi tangu enzi za vita vya msituni atatokea. Yaliyomo yatajulikana baadaye, kwa vipande, redioni na katika gazeti la Bukedde. Siku ya uzinduzi watu wanakwenda kuonana na kuonekana. Shughuli ni watu, wanasema Waswahili, na Kampala usemi huo umepata mahali pa kufanyia kazi.

Upande wa mashariki wa jiji, katika divisheni ya Nakawa na pembezoni mwake, shughuli za namna hii hazikosi. Kuna kumbi za hoteli Bugolobi, Ntinda na Naguru. Kuna viwanja vya maonyesho vya Lugogo. Kuna Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, maarufu MUBS, na Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambako wanafunzi hawahitaji kuitwa mara mbili palipo na maikrofoni na soda. Lakini Nakawa ina mengine yanayovihusu vitabu vya siasa, nayo hayaandikwi kwenye kadi za mwaliko. Makao makuu ya Mamlaka ya Mapato, jengo la ghorofa 22 lililofunguliwa mwaka 2019, yako hapa, na idara ya forodha ya mamlaka hiyo ndiyo inayokagua mizigo ya vitabu ikiingia nchini. Mahakama ya Nakawa iko hapa. Gereza la Luzira, kule karibu na ziwa, nalo limo ndani ya divisheni hii hii. Kwa hiyo kitabu cha mwanasiasa kinaweza kuandikwa, kuzuiwa, kushtakiwa na kufungwa bila kuvuka mpaka wa Nakawa.

Kwanza sherehe yenyewe, maana ina utaratibu wake. Aliyewahi kuhudhuria kwanjula, siku ambayo kijana wa Kiganda anatambulishwa ukweni, hatapotea kwenye uzinduzi wa kitabu. Mahema mawili yanatazamana, au viti vya ukumbini vinapangwa kana kwamba mahema yapo. Upande mmoja wanakaa wakubwa. Viti vimevishwa vitambaa na mezani kuna maji ya chupa. Upande wa pili ni viti vya plastiki na vijana. Wanawake wamevaa gomesi, mshipi umefungwa barabara kiunoni. Wazee wa kiume wamevaa kanzu na koti juu yake. Kwenye kwanjula kila ukoo huja na msemaji wake, fundi wa maneno aliyelipwa ili awatanie wenzake wa upande wa pili na kuwapandisha bei. Kwenye uzinduzi kazi hiyo inafanywa na mshereheshaji, na mara nyingi ni mtu yule yule: Jumamosi yuko ukweni, Jumatano yuko kitabuni, na vichekesho vyake havibadiliki sana.

Sala hutangulia. Mchungaji anaomba, sheikhe anaomba, na kitabu kinabarikiwa kama gari jipya. Zinafuata nyimbo tatu, wa taifa, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa Buganda. Wa Jumuiya ni wa Kiswahili, na hapo ndipo utakapojua nani alisomea Kenya, nani alipita jeshini, na nani anachezesha midomo tu. Baada ya nyimbo ni salamu, na salamu ndizo zinazomaliza mchana. Kila anayepewa maikrofoni lazima awataje wakubwa kwa ngazi zao, kuanzia mgeni rasmi, mawaziri wa Kabaka, mfalme wa Buganda, kama wapo, wabunge wa sasa na wa zamani, madiwani, viongozi wa dini, mpaka mwenyekiti wa mtaa. Wako waliobuni njia ya mkato ya kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Wazee hawaipendi. Mtu aliyetoka Masaka kwa teksi tangu alfajiri anataka kusikia jina lake, na ana haki.

Hatimaye kitabu kinaletwa, kimefungwa utepe, na utepe unakatwa. Kwenye kwanjula kuna jogoo anayekabidhiwa muko, kaka wa bibi harusi. Bila jogoo huyo mambo yote yaliyotangulia ni bure. Nakala ya kwanza ndiyo jogoo wa siku ya kitabu. Mgeni rasmi hawezi kuinunua kwa bei ya dukani. Anataja milioni, anapigiwa makofi, mshereheshaji anawageukia wengine na kuuliza kama kweli wamekubali kupitwa. Anasimama mfanyabiashara, anasimama mbunge wa jimbo jirani, anasimama mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa chama kingine. Fedha taslimu hupokelewa kwa vigelegele, ahadi huandikwa kwenye daftari, na jina husomwa pamoja na kiasi, kama yanavyosomwa mabugo, ile michango ya sanda msibani. Mgeni anayetoka kwenye desturi ya sadaka ya siri ataona haya. Hapa mchango usiotangazwa umepotea njiani.

Ninaowasikia wakiicheka desturi hii huwa hawajawahi kulipa bili ya mchapaji. Maduka ya vitabu Kampala ni machache, wanunuzi wa kumbukumbu za siasa ni wachache zaidi, na wanasiasa wengi hujigharimia wenyewe. Siku moja ya makofi ndiyo inayorudisha gharama, na kikibaki cha ziada kuna kampeni inayosubiri. Wafuasi wanalijua hilo vizuri. Hawaoni kwamba wamedanganywa, kwa kuwa wao wenyewe harusi zao huchangiwa kwa vikao vya kila wiki ambako hata chupa ya soda hunadiwa.

Kisha foleni ya sahihi. Mwandishi anakaa, walinzi wawili wanasimama nyuma yake, na watu wanapanga mstari ambao baada ya dakika kumi si mstari tena. Wafuasi wachache huomba sahihi kwa jina lao wenyewe. Mama anataka iandikwe kwa mwanawe aliye chuoni. Kijana anataka liandikwe jina la baba yake aliyefariki, ambaye alikuwa mtu wa chama hiki tangu mwanzo. Wapo wanaokuja wawili wawili na nakala moja, kwa kuwa wamechangiana. Mwanamke wa makamo anapiga magoti kusalimu, kama adabu ya Kiganda inavyotaka, na mwanasiasa mwenye akili huinuka kitini upesi ili picha isimwonyeshe amekaa akipigiwa magoti. Asiyeinuka ataiona picha hiyo tena wakati wa uchaguzi. Sahihi yenyewe huchukua sekunde tatu, picha ya simu huchukua dakika mbili. Nyumbani kitabu kitawekwa kwenye kabati la kioo sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, na mgeni ataonyeshwa ukurasa wa kwanza. Kurasa nyingine zitasubiri.

Nani hasa hawa wafuasi? Ukikaa nyuma, karibu na mlango, utawajua kwa makundi yao. Wako wazee wa harakati, waliopigana au waliodai kupigana, wanaokuja kuangalia kama wametajwa kitabuni na kama wametajwa ipasavyo. Hawa husoma kuanzia mwisho, kwenye faharasa ya majina. Wako akina mama wa kata, ambao ndio nguzo: wanajua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hajaonekana mikutano miwili, na ndio watakaobeba chakula gerezani mambo yakiharibika. Wako vijana wa stegi za bodaboda, waliokuja kwa msafara wa honi na wanaotarajia mafuta ya kurudia. Suala la nauli linazungumzwa waziwazi kuliko wageni wanavyodhani. Mwenye shughuli akikualika, unakula kwake na unarudi kwako kwa gharama yake. Wanaoita jambo hili rushwa wana hoja, lakini waliokuja kwa miguu kutoka Kinawataka hawalioni hivyo, na mchana huo huo utawakuta wakigawana kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, kwa fedha yao wenyewe.

Rangi huzungumza kabla ya mtu kuzungumza. Njano ni ya NRM, chama tawala, na dole gumba likiinuliwa. Buluu na vidole viwili ni ya FDC. Kijani ni ya DP, chama kikongwe. UPC huinua kiganja kilichofunguka. Nyekundu ilikuwa ya UPC pia, mpaka vijana wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyeingia siasa za upinzani, walipoifanya yao kwa bereti. Septemba 2019 serikali ilitangaza bereti nyekundu kuwa vazi la jeshi. Tangu hapo nyekundu imehamia kwenye tai, vitambaa vya kichwani, rangi ya kucha na utepe wa vitabu. Afisa wa usalama mlangoni anaweza kumvua mtu kofia, kucha hawezi.

Yafaa kukumbuka kwamba Kampala ilikuwa na mahali pengine pa kukutania kwa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na ebimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa hewani moja kwa moja kutoka baa na kumbi; ule wa Radio One uliofanyika Club Obbligato ulikuwa mashuhuri kupita yote. Mtu yeyote angeweza kwenda, akaagiza kinywaji, akaandikisha jina, akamkosoa waziri aliyekaa meza ya pili. Baada ya ghasia za Septemba 2009, Kabaka alipozuiwa kwenda Kayunga, ebimeeza zilipigwa marufuku. Mwaka 2013 ikaja sheria ya kusimamia mikusanyiko, iliyowapa polisi nguvu kubwa juu ya mikutano ya hadhara. Kifungu chake cha 8 kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Machi 2020, wiki ile ile ambayo korona ilikuwa inafunga kila kitu. Siasa ikahamia kwenye misiba, harusi, ibada za shukrani na uzinduzi wa vitabu. Sehemu kubwa ya mambo tunayoyaona ukumbini imetoka hapo. Watu wanaokaa saa tano kusikiliza sifa za kitabu wasichokisoma wanajua walichofuata.

Vitabu vyenyewe vina mila yake. Rais Museveni alitoa *Sowing the Mustard Seed* mwaka 1997, na tangu hapo kila aliyekuwa naye msituni, kwenye vita vilivyomwingiza madarakani, akaona ana deni la kusimulia upande wake. Pecos Kutesa alitoa chake mwaka 2006 kupitia Fountain Publishers. Eriya Kategaya, rafiki wa Rais tangu utotoni, alitoa chake mwaka huo huo. John Kazoora alifuata mwaka 2012 na kitabu ambacho jina lake tu, *Betrayed by My Leader*, lilitosha kuwa hotuba. Miria Matembe naye alieleza mwaka 2019 jinsi mapambano yalivyosalitiwa. Mama Janet Museveni alisimulia maisha yake mwaka 2011. Ni ugomvi wa familia moja kubwa, unaoendeshwa kwa jalada gumu, na wafuasi huufuatilia hivyo: nani kamjibu nani, nani kanyamaza.

Si vyote vilivyopata utepe na vigelegele. Mwaka 2010 daktari wa upasuaji Olive Kobusingye, dada yake mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, alitoa *The Correct Line?*, na nakala zake zilizuiwa na maofisa wa forodha zilipofika Entebbe. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kukisaidia kitabu Uganda kama lile. Stella Nyanzi aliandika mashairi yake akiwa katika gereza la wanawake la Luzira, alikofungwa kwa shairi alilolitoa Facebook kuhusu Rais na mama yake. Mkusanyiko huo, *No Roses from My Mouth*, ulitoka mwaka 2020, mwaka ule ule Mahakama Kuu ilipomwachia, na mwaka uliofuata akagombea ubunge wa wanawake wa Kampala kwa tiketi ya FDC. Alishindwa. Lakini kitabu kilichoandikwa Luzira kina heshima ya pekee kwa wafuasi wa upinzani. Hawajadili kama mashairi ni mazuri. Wanajadili karatasi zilitokaje.

Halafu kuna uzinduzi ambao Nakawa haitausahau, ingawa haukufanyika Nakawa wala Uganda. Novemba 2024 Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, alikuwa anazindua Nairobi kitabu cha maisha yake, *Against the Tide*. Besigye, aliyegombea urais mara nne dhidi ya Museveni na aliyewahi kuwa daktari wake msituni, alisafiri kwenda kuhudhuria. Desturi ilimtaka aende: rafiki akitoa kitabu, unafika, unakaa mstari wa mbele, unatajwa jina, unatoa mchango. Hakufika ukumbini. Tarehe 16 Novemba alitekwa Nairobi pamoja na Hajji Obeid Lutale, na tarehe 20 akatokea Kampala, katika mahakama ya kijeshi ya Makindye. Kutoka pale alipelekwa Luzira.

Mwenye kitabu akalipa deni la mwaliko. Karua alikuja Kampala kuongoza mawakili wa mgeni wake. Desemba Baraza la Sheria la Uganda lilimnyima kibali cha kufanya kazi, Januari likampa. Sijui desturi yoyote ya uzinduzi inayomtaka mwandishi amfuate mgeni wake mpaka kizimbani, lakini mama zetu wa kata walimwelewa mara moja. Mtu akipatwa na jambo akija kwako, msiba ni wako.

Kilichofuata kinaihusu Nakawa kwa njia ambayo mwandishi wa riwaya angeona aibu kuibuni. Mwaka 2016 mbunge wa Nakawa, Michael Kabaziguruka, alikamatwa na kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Alikwenda Mahakama ya Katiba kuhoji kama raia anaweza kuhukumiwa na wanajeshi. Kesi ilitembea miaka. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba kesi za raia katika mahakama za kijeshi, kama zilivyokuwa zikiendeshwa, ni kinyume cha katiba. Besigye hakuachiwa, akagoma kula, akapelekwa kliniki moja ya Bugolobi akiwa dhaifu, na tarehe 21 Februari akafikishwa mahakama ya kiraia kwa shtaka la uhaini. Mahakama hiyo ni ya Nakawa. Kesi ya mbunge wa Nakawa ikamleta mgeni wa kitabu Nakawa.

Nenda siku ya kesi ya kisiasa uone jinsi desturi zilivyohama pamoja na watu. Wanafika mapema kuliko walivyowahi kufika kwenye uzinduzi wowote. Mlangoni kuna upekuzi, ndani nafasi hazitoshi, na wanaobaki nje wanajipanga wenyewe kwa ngazi zile zile: wazee kivulini, akina mama karibu na lango, vijana barabarani wakiangaliana na polisi. Gomesi zipo. Fulana zenye picha ya mshtakiwa zipo. Mchango upo pia, unakusanywa kwa kofia, kwa maji na kwa nauli za waliotoka mbali, na jina la mtoaji linatajwa kwa sauti hata pale. Gari la magereza likiingia, vidole viwili vinapanda juu na wimbo wa taifa unaanza mahali fulani nyuma. Yule aliye ndani ya gari hawezi kumtilia mtu sahihi. Anainua mkono kwenye upenyo wa dirisha, na wanaouona wanasimulia soko zima la Nakawa kabla ya saa sita.

Kwa wasomaji wa Tanzania haya yataonekana ya mbali. Kule uzinduzi wa vitabu vya marais umekuwa jambo la dola. Kitabu cha Benjamin Mkapa kilizinduliwa Dar es Salaam Novemba 2019 na Rais Magufuli, na Mei 2021 Rais Samia alizindua *Mzee Rukhsa* cha Ali Hassan Mwinyi akamkabidhi mzee huyo gari la Mercedes-Benz siku hiyo hiyo. Kelele chache, viyoyozi vingi. Hata hivyo kitabu cha Mwinyi kina jambo ambalo wanasiasa wa Kampala wangepaswa kulionea wivu zaidi ya gari: kimeandikwa kwa Kiswahili, lugha ya watu waliokuwa wakimpigia makofi. Vitabu vya siasa vya Uganda nilivyovitaja hapa vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa kata anayeshinda nje ya mahakama, kijana wa stegi aliyechangia nusu ya nakala, mzee anayetafuta jina lake kwenye faharasa, wote wanasubiri mtu wa kuwasomea.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi hawa ni moja. Mkishamaliza kunadi nakala ya kwanza kwa mamilioni, chukueni sehemu ya fedha hizo mtoe kitabu kile kile kwa Luganda na kwa Kiswahili, jalada laini, karatasi ya bei nafuu, na mkiuze soko la Nakawa karibu na wauza nyanya. Wasomaji mnao tayari. Mmekuwa mkiwalisha soda tu.